Rweya Isiyo na Mpaka

Mama alipoambiwa kwamba nakwenda Serengeti kupanda puto, aliuliza swali moja: "Lina usukani?" Nikamwambia halina. "Na breki?" Nazo hakuna. Akainamia ndizi zake, akaendelea kumenya kana kwamba mazungumzo yamekwisha. Kwa upande wake yalikuwa yamekwisha kweli.

Sikumlaumu. Sisi wa Kagera vyombo vya safari vimetufunza adabu. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama ikiwa imeshaikaribia Mwanza, na hadi leo ukitaja meli ile katika kilabu chochote cha Muleba utasikia majina ya watu, si hesabu. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ikaingia ziwani karibu kabisa na uwanja wa Bukoba. Kati ya watu 43 waliokuwamo, 19 walifariki, na waliofika kwanza kuwaokoa wengine walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Sasa mtoto wake wa kwanza, mtu mzima wa miaka 54, anataka kupaa ndani ya kikapu.

Kiti chenyewe nilikipata kwa bahati. Mpwa wangu anafanya kazi katika kambi moja ya watalii Seronera, na mgeni mmoja alikuwa ameahirisha. "Mjomba, njoo, kiti kitaruka kitupu," aliniambia kwenye simu. Bei ya kawaida ya kiti hicho ni zaidi ya dola 500. Baba yangu, Mungu amrehemu, alikuwa akipima kila kitu kwa magunia ya kahawa ya maganda: ada ya shule magunia mawili, bati za nyumba magunia sita. Nikajaribu kupima saa moja ya angani kwa kipimo chake, nikaacha njiani kwa heshima ya marehemu.

Nilivuka ziwa usiku kwa New Victoria, meli iliyoanza kazi mwaka 1961, ikalala gati kwa miaka, ikafufuliwa na kurudi majini 2020. Kemondo wakapakia ndizi mpaka nikadhani tunahama. Mama mmoja aliyeketi jirani yangu alikuwa na mikungu minne ya kumpelekea binti yake Mwanza. Nikamuuliza kama Mwanza hakuna ndizi. "Zipo, waitu," akasema, "lakini zinaliwa na watu wasiozijua." Alilala akiwa ameegemea mzigo wake, na kila meli ilipoyumba mkono wake uliigusa mikungu mmoja mmoja, kama mtu anayehesabu watoto gizani.

Asubuhi, Mwanza. Mchana, lango la Ndabaka, kando ya barabara ya Musoma, ambapo Serengeti inanyoosha mkono wake wa magharibi karibu uguse maji ya ziwa letu.

Hapa lazima nimweleze msomaji asiyetoka kwetu maana ya rweya. Mhaya anaishi ndani ya kibanja: migomba juu, mibuni chini yake, maharage chini ya mibuni, nyumba katikati na makaburi ya wazee pembeni. Ukisimama mlangoni huoni mbali kuliko migomba ya jirani, na hutaki kuona zaidi. Kibanja kinapokoma ndipo rweya inapoanza, nyanda za nyasi zenye udongo uliochoka, hakuna nyumba, hakuna kivuli. Huko ng'ombe walichungwa, wanawake walilima njugu mawe, na sisi watoto tulitumwa kukata nyasi. Zilikuwa nyasi za kuezeka msonge na za kufunika mashina ya migomba ili udongo usikauke. Na wiki ya Krismasi zilikuwa nyasi laini za kutandaza sakafuni, chumba kizima, hadi nyumba ikanukia kama imejengwa jana. Lakini mtu akikuuliza unakaa wapi, hakuna aliyewahi kujibu kwamba anakaa rweya. Rweya ni pale unapopita ukienda kwa watu.

Kwa hiyo gari lilipoingia Ndabaka na nyasi zikaanza, saa ya kwanza, saa ya pili, macho yangu yalikuwa yakifanya kazi yao ya miaka 54: yakitafuta migomba. Kila mstari wa kijani kwa mbali niliudhani ni mwanzo wa kijiji. Tukiufikia, ni migunga ya kando ya mto. Kuna simulizi iliyozoeleka kwamba jina Serengeti limetokana na neno la Kimasai la nchi inayoendelea bila kikomo. Nilikuwa nimelisoma hilo shuleni, Kamachumu, na kuliandika kwenye mtihani. Lakini hifadhi ya kilomita za mraba 14,763 haikai kwenye karatasi ya mtihani. Ilipotimu jioni nilikuwa na hofu ndogo ambayo sikumwambia mpwa wangu, hofu ya mtu aliyetoka nje usiku akasahau mlango uko upande gani.

Watu wa puto walituchukua kambini saa kumi na nusu alfajiri. Baridi ya Juni, fisi wanalia, taa za gari zinakutana na macho ya swala. Uwanjani tukakuta puto limelazwa chini, kitambaa kirefu kama kanisa lililoanguka, na vijana wamelishika mdomo huku feni kubwa inalipulizia upepo. Kikapu nacho kililazwa ubavu. Rubani, kijana wa Kitanzania mwenye ndevu zilizochongwa vizuri, alinisalimia shikamoo kisha akaniamuru kwa Kiingereza, kama wengine wote, nijilaze chali ndani ya kikapu, magoti juu, nishike kamba. Watu wazima kumi na kadhaa tukalala humo kwenye vyumba vyetu kama ndizi kwenye tenga.

Kabla ya kujilaza nilitoa mfukoni kifurushi kidogo cha jani la mgomba. Ndani yake kulikuwa na kahawa ya kutafuna, buni zilizochemshwa na majani ya kunukia, zikakaushwa. Kwetu mgeni hapewi kiti akaachwa mdomo mtupu. Anapewa buni mbili tatu azungumze nazo. Nikamkaribisha jirani yangu wa kulia, bibi wa Kijerumani mwenye umri wa mama yangu mdogo. Akatia moja mdomoni, akaitafuna kwa ujasiri, uso ukamkunjika, akasema ni nzuri. Watu wenye adabu wako kila nchi.

Kisha rubani akafungua gesi.

Hakuna aliyenionya kuhusu ule mngurumo. Moto mrefu kuliko mtu ulipanda juu ya vichwa vyetu, joto likatua utosini kama la mama aliyefunua chungu. Kitambaa kikatuna, kikainuka, kikatuinua nacho hadi tukajikuta tumesimama. Nilikuwa bado nasubiri tuondoke nilipoona kofia za wale vijana ziko chini ya miguu yangu. Hatukuruka hasa. Nchi ndiyo iliyotuachia.

Moto ukizimwa, kimya. Hilo ndilo nililosimulia zaidi niliporudi, na ndilo watu waliloamini kidogo zaidi. Meli ina injini, ndege ina injini, hata baiskeli ina mnyororo. Puto linakwenda na upepo, kwa hiyo upepo wenyewe huusikii usoni. Ungewasha kiberiti kisizimike. Kutoka chini zilipanda sauti moja moja, nyumbu anaguna, ndege anaita, kiboko anacheka kwenye dimbwi la mto Seronera. Nilisikia nyasi zikikatwa na meno. Saa kumi na mbili na nusu jua likatoka nyuma yetu na kivuli chetu kikatupwa mbele, duara jeusi linateleza juu ya nyasi. Swala tomi hawakutujali sisi. Walikikimbia kivuli.

Nilimuuliza rubani swali la mama yangu. Akacheka. Upepo wa chini na upepo wa juu haufuati njia moja, akaeleza. Yeye anapanda na kushuka kama mtu anayetafuta basi linalokwenda kwao. Akiongeza moto tunapanda, akifungua tundu la juu hewa ya moto inatoka tunashuka, na kati ya hayo mawili anachagua njia. Hapo nikamwelewa vizuri, maana hiyo ndiyo elimu ya wavuvi wa kisiwa cha Bumbire. Usiku upepo unatoka nchi kavu kwenda ziwani, mchana unarudi, na mwenye tanga anayejua saa haogopi kukosa kasia. "Alfajiri huku upepo hutoka mashariki," rubani akaongeza. "Mzee, nikisahau kutua nitakushusha Muleba kesho." Nikamwambia akifika aulize Kamachumu, tutampikia.

Nyumbu tuliwakuta mbele kidogo. Wanakadiriwa kuwa zaidi ya milioni moja katika mfumo mzima wa Serengeti na Mara, na mwezi Juni makundi mengi huwa yanaelekea magharibi na kaskazini. Nimewasoma wanaowafananisha na mto, na jeshi, na sijui nini. Mimi niliona kahawa iliyoanikwa uani, buni nyeusi juu ya mkeka wa njano, halafu mbuzi amepita katikati na kuitawanya. Pundamilia walikuwa ndani yake kama buni zilizokwishamenywa.

Yule bibi wa Kijerumani alikuwa analia, bila sauti na bila aibu. Baadaye aliniambia kwamba Serengeti ameijua tangu akiwa mtoto. Kwao kulikuwa na kipindi cha televisheni cha Bernhard Grzimek, yule daktari wa wanyama wa Frankfurt, na familia nzima ilikuwa ikikaa kukitazama. Grzimek na mwanawe Michael walikuja hapa mwishoni mwa miaka ya 1950 na ndege ndogo waliyoipaka milia ya pundamilia, wakawa wanahesabu wanyama kutoka angani. Januari 1959 ndege hiyo ikagongana na tai, Michael akafa akiwa na miaka 24. Kaburi lake liko ukingoni mwa bonde la Ngorongoro. Filamu yao, iliyosema kwamba Serengeti haipaswi kufa, ilipata tuzo ya Oscar. Bibi alijua yote hayo kwa tarehe. Mimi, niliyezaliwa ng'ambo tu ya ziwa, ndiyo kwanza nafika. Akaniuliza nimetoka wapi. Bukoba hakuwahi kuisikia, nikamwambia mji huo uliwekwa mwaka 1890 na mtu wa kwao, Emin Pasha, aliyekuwa akifanya kazi ya serikali ya Kijerumani. Akaniomba radhi. Sijui ilikuwa ni kwa kutoijua Bukoba au kwa hilo la pili.

Nilikuwa nikitazama chini nikitafuta njia za watu. Ni tabia. Ukisimama kwenye ukingo wa milima ya Kamachumu, unachokiona kwanza ni vichochoro: hiki kinakwenda kisimani, hiki kinakwenda kanisani, kile kimefungwa kwa sababu ya ugomvi wa mpaka. Hapa njia zilikuwa nyingi mno, zinapishana kama mistari ya kiganja, na zote zilikuwa za kwato. Kutoka juu ungeweza kuapa kwamba hapajawahi kuishi mtu.

Kutua kulikuwa kugumu kidogo. Rubani akatuagiza tukae, migongo upande tunakoelekea, na kikapu kikagusa, kikaruka, kikagusa, kikalala ubavu na kutuburuta hatua kama ishirini ndani ya nyasi ndefu. Watu walikuwa wanacheka, wengine wanataja majina ya Mungu kwa lugha zao. Mimi nilinyamaza. Uso wangu ulikuwa umefika karibu kabisa na ardhi, nyasi zimepondeka chini ya kikapu, na harufu iliyopanda ilikuwa ya sebule ya mama yangu, mkesha wa Krismasi, mwaka ambao sisi watoto wote bado tulikuwa nyumbani. Nilikaa humo chini muda mrefu kuliko wengine hadi kijana mmoja akaja kuniuliza kama nimeumia.

Hakuwa kijana hasa, alikuwa na mvi. Ni mmoja wa wale wanaolifuata puto kwa gari, wanalikunja na kulipakia. "Mzee wangu, umeonaje huko juu?"

"Nimeona nyasi."

Akacheka kwa sauti. Nikampa buni mbili. Akaniambia yeye ni Mwikoma, kwao ni kaskazini magharibi mwa hapa, upande wa Mugumu. Babu yake alikuwa mwindaji. Nyumbu walipopita, kijiji kizima kilikuwa na kazi: wengine wanafukuza, wengine wanachuna, wanawake wanakata nyama kamba kamba na kuikausha juani. Nyama hiyo kavu wanaiita kimoro, na ilikuwa ikiliwa hadi nyumbu wapite tena. Hifadhi ilipotangazwa mwaka 1951, kisha mipaka ikawa inasogezwa, uwindaji ukawa ujangili. Upande wa mashariki Wamasai nao waliondolewa na mifugo yao kupelekwa Ngorongoro, mwishoni mwa miaka ya 1950, wakati uleule akina Grzimek wanahesabu kutoka juu.

"Ukiwa juu huwezi kujua," akasema. Akaonyesha kwa kidevu vilima vya mawe kwa mbali. "Pale babu alikuwa anapajua kwa jina. Kila mti una jina. Sasa mimi nakunja puto."

"Na kimoro?"

"Nanunua nyama ya ng'ombe Mugumu, kilo kwa kilo, kama wewe." Akatema ganda la buni, akaangalia lilipoangukia, akaliokota na kulitia mfukoni. Ndani ya hifadhi hawaachi kitu. Kisha akaniambia kwamba mshahara wa puto umemfikisha binti yake chuo cha ualimu. Akasema hivyo kwa fahari ileile aliyomsimulia nayo babu yake, na mimi nikashindwa kujua niweke wapi huruma yangu.

Kifungua kinywa kiliandaliwa chini ya mgunga, meza ndefu yenye kitambaa cheupe, soseji, mayai na shampeni. Desturi ya shampeni, rubani akasimulia, ni ya tangu Ufaransa. Watu wa kwanza kupaa kwa puto, Paris, Novemba 1783, walikuwa wakiangukia kwenye mashamba ya wakulima waliodhani ni mashetani, kwa hiyo waruka angani wakawa wanabeba chupa ya kumtuliza mwenye shamba. Inawezekana ni hadithi tu, lakini niliipenda kwa sababu ina mwenye shamba ndani yake. Afrika Mashariki biashara hii ilianzia Maasai Mara, ambako Alan Root, mpiga filamu wa Kenya, alianza kurusha watalii mwaka 1976. Serengeti ilifuata mwaka 1989. Nilimtafuta Mwikoma wangu nimpe bilauri. Alikuwa ameshaondoka na puto.

Mezani bibi aliniuliza kama karibu na kwetu kuna wanyama. Ilinibidi niseme kweli. Wapo. Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, kilomita za mraba 4,707, ilipandishwa hadhi mwaka 2019, na sehemu yake iko ndani ya wilaya yangu ya Muleba. Sijawahi kuingia. Pori lile nililijua kwa dirisha la basi, miaka ya 1990, tulipokuwa tunavuka Kasindaga kuelekea Biharamulo na askari wenye bunduki ndani ya basi kwa ajili ya majambazi. Kondakta alikuwa anatuambia tufunge mapazia. Mama zetu waliita Bikira Maria kwa zamu. Kwa hiyo simba wa Burigi, kama walikuwapo, waliona basi lililofunga macho likipita mbio. Bibi alidhani natania.

Nilirudi kwa njia ileile, na kutoka Bukoba hadi Kamachumu nikakaa dirishani. Safari hii niliangalia rweya. Nilikuwa nimechelewa. Pale tulipokuwa tukikata nyasi, paina zimesimama kwa mistari kama wanafunzi paredi, mali ya watu wa mjini wanaosubiri mbao. Kule mikaratusi. Ng'ombe wamefungwa mitini uani. Sisemi paina ni mbaya. Madawati ya shule yanatoka humo, na mimi mwenyewe nina ekari mbili. Lakini Krismasi iliyopita mama alitandaza zulia la plastiki lenye maua, na alipoulizwa nyasi ziko wapi, alisema siku hizi nyasi zina wenyewe.

Nilimkuta jikoni. Akanipokea kwa mkono mmoja, wa pili umeshika kisu. Nikamweleza moto, kivuli, nyumbu, yule bibi aliyelia. Alisikiliza kama anavyosikiliza mahubiri ya padri mgeni. Nilipofika kwenye ukubwa wa nyasi zenyewe, siku nzima ya gari bila kibanja hata kimoja, akaacha kumenya.

"Na hakuna anayezikata?"

"Hairuhusiwi, mama."

"Zinaachwa tu?"

"Zinaliwa na nyumbu."

Akanisogelea. Sweta langu, lile nililoburutwa nalo, lilikuwa bado na mbegu za nyasi zimejishikiza kwenye kiwiko, zile zenye mkia kama sindano. Mwikoma angeziokota zote. Mama alizichomoa moja moja, akaziweka kiganjani, akazipeleka kwenye mwanga wa mlango na kuzigeuza kwa kidole.

"Hizi si za kutandaza," akasema. "Zinachoma." Akazipangusa mlangoni kwa nje, upande wa migomba, akarudi kwenye ndizi zake.